Risasi Haifi kwa Moto

Katika Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, somo la kuchemsha maji ya kunywa limezoeleka majumbani. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Bukavu. Watu huvuka kwenda na kurudi kwa biashara, na kipindupindu hakiombi ruhusa ya kuvuka. Somo hilo ni jema, na halina budi kuendelea. Hata hivyo, iko sumu moja ambayo moto hauiwezi.

Sumu hiyo ni risasi, madini mazito yatumiwayo katika betri za magari. Ikiingia majini haionekani, hainuki, wala haina ladha. Vijidudu hufa maji yanapotokota, lakini risasi si kiumbe hai. Maji yakichemka kwa muda mrefu, mvuke hupaa na risasi hubaki sufuriani katika maji yaliyopungua. Kitambaa cha kuchujia na dawa ya klorini navyo havifui dafu.

Madhara kwa mtoto

Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama mwilini. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 au 5 zaidi ya mtu mzima. Huenda asiugue kitandani. Bali ubongo wake hudhoofika, akawa mzito wa kuelewa na asiyetulia darasani. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na mzazi humchapa kwa kosa ambalo si lake.

Afrika Mashariki imekwisha kuonja uchungu huu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru watoto na wakubwa hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini hakuna fedha iwezayo kumrudishia mtoto akili iliyokwisha kudhurika.

Yatoka wapi?

Huko Mombasa sumu ilitoka kiwandani. Shuleni, mara nyingi maji hutoka safi kwenye chanzo, yakachafuliwa njiani: katika mabomba ya kale, viungo vilivyolehemiwa kwa risasi, au bilula za shaba ya njano zilizochanganywa na madini hayo. Maji ya mvua yavunwayo kwenye mapaa yana uchachu kidogo, kwa hiyo hula metali upesi. Kadiri maji yanavyolala bombani, ndivyo yanavyozidi kunyonya risasi. Kwa sababu hiyo maji ya Jumatatu asubuhi na ya siku ya kufungua shule ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Mjini Flint, nchini Marekani, chanzo cha maji kilibadilishwa mwezi Aprili 2014 bila kutia dawa ya kulinda mabomba. Wazazi walilalamika kwa zaidi ya mwaka mzima. Ni vipimo vya maji na vya damu ya watoto vilivyoleta ushahidi, na mwezi Oktoba 2015 mji ulirudia maji yake ya zamani.

Namna ya kupima

Maji yaachwe bombani bila kutumiwa kwa saa 8 hadi 18. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua bilula, yakingwe ya kwanza kabisa, mililita 250, katika chupa safi ya maabara. Kisha bilula iachwe wazi kwa nusu dakika, yakingwe ya chupa ya pili. Kila chupa iandikwe jina la bilula, tarehe na saa, na zote zipelekwe maabara. Risasi ikionekana katika chupa ya kwanza tu, mshukiwa ni bilula; ikiwa katika zote mbili, mabomba ya ndani yachunguzwe. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa hakiruhusu zaidi ya miligramu 0.01 kwa lita.

Wakati wa kungojea majibu

Jikoni mwa shule, maji ya kwanza ya asubuhi yasitiwe katika sufuria ya maharagwe wala ya chai. Yatumiwe kusafishia sakafu, ndipo yakingwe ya kupikia. Mtoto naye asiende shule na njaa, kwa maana tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Chakula chenye madini ya chuma na chokaa humsaidia: maharagwe, dodo, na sambaza wa Ziwa Kivu waliwao pamoja na miba yao.

Hayo yote ni ya kupunguza hatari tu. Dawa yenyewe ni kuing'oa bilula mbovu na kutia njema, na bilula mbovu haijulikani kwa kutazamwa. Kwa hiyo, kamati za wazazi zinapokutana na mwalimu mkuu kupanga matumizi ya muhula, kipimo cha maji nacho kiwe na nafasi yake pamoja na chaki na madaftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa akili ya mtoto, ukishabomoka, hauna fundi.