Polisi Wamekukamata? Taja Umri Wako!

Una miaka 15, halafu umekamatwa. Utafanyaje? Kwanza, usikimbie. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ameshaota ndevu! Kwa hiyo taja umri wako mapema, na omba mzazi au mlezi aitwe, aje na cheti chako cha kuzaliwa. Usichanganywe selo na watu wazima. Kwa kawaida kesi husikilizwa Mahakama ya Watoto, faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwepo. Ukionekana na hatia, hufungwi jela: unaweza kupewa kifungo cha nje au kupelekwa shule ya maadilisho. Basi, mwambie na mwenzako!