Kifaa cha Kubusti Betri: Msaidizi Mdogo wa Safari Ndefu



Safari ya gari kutoka Riyadh hadi Jeddah ni ya kilomita zipatazo 950, na sehemu kubwa ya masafa hayo ni jangwa. Familia zetu nyingi huishika njia hiyo wakati wa likizo za shule, ama kwa ajili ya Umra, ama kuwazuru jamaa. Kiangazi kimoja nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulisimama baina ya Halaban na Dhalm tukasali Alasiri, tukala, tukapumzika. Muda wote huo friji ndogo iliyohifadhi insulini ya mama yetu ilikuwa imechomekwa garini, na injini imezimwa. Tuliporudi na kugeuza ufunguo, stata ilijibu kwa mlio wa tik-tik, kisha kimya.

Nyaya za kubustia tulikuwa nazo. Tulichokosa ni gari la kuziunganisha nalo. Wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa lori, mtu mwema. Lakini alitikisa kichwa. Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24, na gari letu volti 12. Kuyaunganisha ni kuunguza mitambo. Tukangoja, mama amekaa kivulini na dawa yake ikizidi kupata joto, hata karibu na Magharibi alipotokea mwenye pikapu akatuokoa. Siku hiyo tulifahamu kwamba nyaya ni nusu ya msaada. Nusu ya pili iko mikononi mwa mpita njia.

Leo kipo kifaa kinachoikamilisha nusu hiyo. Ni kisanduku kidogo, kiasi cha kitabu kinene, chenye akiba yake ya umeme na vibanio viwili, chekundu na cheusi. Katika maduka ya hapa ukiulizia ishtiraki ya betri utaelewana na muuzaji. Faida yake ni kubwa zaidi kwa dada zetu, ambao tangu Juni 2018 wameruhusiwa kuendesha magari katika Ufalme huu. Mama aliyekwenda kuwachukua watoto shuleni, akakuta gari haliwaki, anaweza kujisaidia mwenyewe pasipo kumsimamisha asiyemjua.

Wengi hudhani kwamba betri huuliwa na baridi. Baridi hufichua udhaifu. Muuaji hasa ni joto, ambalo hukausha maji ya betri na kuzila sahani zake za ndani. Nasi twaishi katika nchi ya joto: mnamo Juni 2010 mji wa Jeddah ulifikia nyuzi 52. Ndiyo maana hapa betri nyingi huchoka baada ya miaka miwili au mitatu.

Joto hilo hilo ndilo linalopaswa kutuongoza katika kuchagua. Vifaa hivi ni vya namna mbili. Namna ya kwanza, iliyoenea zaidi, huhifadhi umeme katika betri ya lithiamu. Ni chepesi, na huweza pia kuchaji simu. Lakini lithiamu haipatani na joto. Watengenezaji wengi hukataza kuiweka mahali panapozidi nyuzi 60, na gari lililofungwa juani huweza kupita kiwango hicho. Kifaa kilichosahauliwa humo huharibika, huvimba, na pengine huwaka moto.

Namna ya pili hutumia kapasita. Hiki hakiweki akiba ya kudumu. Hukusanya mabaki ya umeme kutoka betri ile ile iliyodhoofika, kwa dakika chache, kisha huyatoa kwa mkupuo mmoja. Huvumilia joto vizuri zaidi na hudumu miaka mingi. Upungufu wake ni kwamba betri ikifa kabisa, hakina pa kuchota, mpaka kichajiwe kwa umeme kutoka mahali pengine. Kwa hiyo, anayetaka kifaa cha kukaa garini siku zote na atazame kapasita. Na aliye tayari kukichukua na kukirudisha nyumbani kila mara, lithiamu yamtosha.

Dukani, msikimbilie tarakimu kubwa iliyoandikwa juu ya boksi. Mara nyingi hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuteni ampea za kuwashia, ambazo huwa chache zaidi, na ukubwa wa injini ambao kifaa kinaumudu. Gari dogo la petroli la silinda nne hutosheka na kifaa cha wastani. La silinda sita au nane lataka kikubwa zaidi. Na la dizeli zaidi ya hapo, kwani mgandamizo wa injini yake ni mkali. Ni busara kuchagua kinachozidi kidogo mahitaji. Aidha, hakikisheni vibanio vina kinga ya kuzuia madhara endapo nyekundu na nyeusi zitabadilishana. Kisicho na kinga hiyo kiacheni, hata bei ikivutia. Rahisi huvunja upishi.

Wakati wa kukitumia, chekundu kifungwe kwenye alama ya kujumlisha, na cheusi kwenye chuma kitupu cha injini au kama kitabu chake kielekezavyo. Gari lijaribiwe kwa sekunde chache tu, kisha lipumzishwe kabla ya kujaribiwa tena. Vifaa vingine vina kifungo cha kulazimisha umeme. Mkikibonyeza, aghlabu ile kinga huondoka, basi hakikisheni rangi kwanza. Cha lithiamu kikaguliwe chaji yake kila baada ya miezi mitatu, na kabla ya kila safari.

Wenye nia ya kuwapelekea jamaa zawadi hii Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam wakumbuke kwamba lithiamu ya akiba haiwekwi katika mizigo ya kukabidhi. Katika mkoba wa mkononi kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kifaa cha miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 kina wati-saa 74. Hata hivyo, yapasa kuliuliza shirika la ndege mapema.

Mwisho, kifaa hiki huamsha gari, hakiponyi betri. Gari likiwaka, lipelekwe kwa fundi wa umeme aipime betri pamoja na alteneta. Na likigoma kabisa barabara kuu, kikosi cha usalama wa barabara hupatikana kwa nambari 911 katika mikoa ya Riyadh, Makka, Madina na Mashariki, na kwa 996 katika mikoa mingine. Maji ya kunywa na dawa za wazee viwekwe karibu tangu mwanzo wa safari. Tahadhari kabla ya hatari.

Wabillahi tawfiq.