Paka mwenye kisukari aweza kuachishwa sindano, lakini si kwa pupa

Huenda ukashangaa kumwona daktari wa watu akiandika juu ya paka katika ukurasa huu. Sababu ni kwamba dawa inayotumika ni ya jamii moja na ile ya watu, na wanaoniuliza ni wagonjwa wangu mwenyewe. Mama mmoja mstaafu, ambaye amejidunga insulini kwa miaka kadhaa, alitaka kujua kama angeweza kumgawia paka wake kidogo kutoka katika chupa yake. Nilimkataza, nikamtuma kwa daktari wa mifugo. Nawe ukiwa na swali kama hilo, nenda huko kwanza. Haya ninayoandika yatakusaidia kuelewa utakayoambiwa huko. Hayawezi kushika nafasi ya daktari aliyempima mnyama wako.

Kisukari cha paka hufanana sana na kile cha watu wazima tunachokiita kisukari cha aina ya pili. Kongosho lingali linatengeneza insulini, ila haitoshi, na mwili nao umekuwa mkaidi kuitii. Ugonjwa huu humpata zaidi paka aliyevuka umri wa miaka 8 hivi, hasa dume aliyehasiwa, mnene, ashindaye amelala kwenye kochi. Utamwona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mno, anakula sana na bado anakonda. Wengine huanza kutembea wakikanyagia visigino vya miguu ya nyuma, kwani neva zimekwisha kuathirika. Dawa nazo huchangia. Sindano na tembe za steroidi anazopewa paka kwa ajili ya mwasho au pumu zaweza kumletea kisukari, na vivyo hivyo dawa za homoni ambazo watu wengine huwapa paka majike ili wasishike mimba. Kama paka wako alipewa chochote cha namna hiyo, mweleze daktari siku ya kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapa watu matumaini. Mbwa akishapata kisukari, kwa kawaida hudungwa insulini hadi mwisho wa maisha yake. Paka ni tofauti. Sukari inapokuwa juu kwa majuma mengi, yenyewe huzilemea zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, zikawa kama punda aliyebebeshwa mzigo asioweza hata kusimama nao. Ukimpa paka insulini ya nje na sukari ikashuka, seli hizo hupumzika. Zile ambazo hazijafa huanza kazi tena. Paka akikaa majuma manne bila sindano na sukari yake ikabaki ya kawaida, madaktari wa mifugo husema amepata ahueni. Hawasemi amepona, na nitaeleza kwa nini.

Wakati ni kitu kikubwa hapa. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha matokeo ya paka 55 waliotibiwa kwa insulini aina ya glagini, huku wenyewe wakiwapima sukari nyumbani. Miongoni mwa wale walioanza utaratibu huo mkali kabla ya miezi 6 kupita tangu ugonjwa kugunduliwa, asilimia 84 walifika mahali pa kuachishwa sindano. Waliochelewa kupita hapo walikuwa asilimia 35. Si kila daktari hupata matokeo mazuri kiasi hicho, na wale walikuwa na wenyewe waliojitolea kwelikweli. Hata hivyo funzo ni dhahiri kwamba mtu anayejaribu miti shamba kwa mwaka mzima kabla ya kwenda kliniki huwa ameipoteza nafasi bora ya mnyama wake.

Juu ya dawa yenyewe, insulini si kitu kimoja. Wagonjwa wengi hapa Kenya hutumia ule mchanganyiko wa insulini ya haraka na ya wastani wa 30 kwa 70. Huo haumfai paka, kwa kuwa humshusha ghafla kisha ukamwishia kabla ya saa 12 kupita. Anayetafutiwa ahueni hupewa insulini ya kazi ya polepole, ama glagini ya watu au ile ya wanyama yenye zinki na protamini, mara mbili kwa siku, tuseme saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kipimo ni kidogo mno kikilinganishwa na cha binadamu. Mgonjwa wangu anaweza kujidunga yuniti 20 asione ajabu. Paka wa kilo 4 mara nyingi huanzishwa kwa yuniti moja, au hata nusu.

Ni hapo palipo na mtego, nami naomba usome polepole. Insulini nyingi za watu huwa na yuniti 100 katika kila mililita. Insulini nyingi za wanyama huwa na yuniti 40. Kila aina ina bomba lake la sindano, na alama za bomba moja hazifai kwa chupa ya aina nyingine. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 2, hujavuta yuniti 2 bali 5. Kwa paka hiyo ni tofauti ya uhai na kifo. Ukifanya kinyume chake, utampa chini ya yuniti moja huku ukidhani umempa mbili, kisha utashangaa mbona sukari haishuki. Ukinunua kwenye duka la dawa, soma nambari iliyo kwenye chupa na iliyo kwenye bomba, zilingane. Omba bomba dogo la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti. Tena chupa ya paka iwe ya paka peke yake, na ya mwenye nyumba iwe yake. Sindano zilizotumika zitiwe kwenye mkebe mgumu wenye kifuniko, mbali na watoto.

Glagini haitikiswi, haichanganywi na dawa nyingine, wala haiongezwi maji. Iweke kwenye friji lakini si sehemu ya barafu, kwani ikiganda imeharibika hata kama baadaye inaonekana safi. Stima ikipotea kwa muda mrefu, chungu cha udongo chenye maji, kilichowekwa kivulini, husaidia, mradi chupa imefungwa ndani ya kitu kisichopenya maji.

Kumdunga si kazi ngumu kama watu wanavyohofia. Vuta ngozi ya ubavuni kidogo ifanye kihema, ingiza sindano, sukuma, basi. Paka wengi hawaachi hata kula. Akiruka na usijue kama dawa iliingia au ilimwagika kwenye manyoya, usirudie. Sukari ikipanda kwa nusu siku haitamwua, ilhali sindano mbili zinaweza. Akikataa chakula au akitapika, usimpe dozi yake ya kawaida kabla ya kuzungumza na daktari. Na akiacha kula kabisa, akalegea na kuendelea kutapika, apelekwe siku hiyohiyo, kwa maana damu yake huenda imeingia asidi.

Kupima ndiko kunakotenganisha ahueni na msiba. Unaweza kutumia mashine ndogo ya sukari kama ile tunayowapa wagonjwa. Tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Mashine za watu kwa kawaida husoma chini kidogo ya sukari halisi ya paka, hivyo tumia mashine ileile kila siku na umwambie daktari ni ya aina gani. Pima nyumbani kila uwezapo. Paka aliyetiwa kikapuni, akapandishwa matatu na kushikwa na mgeni, sukari yake hupanda kwa hofu tu, na kipimo cha kliniki kikadanganya.

Pima kabla ya kila sindano. Mara kwa mara daktari atakutaka upime kila baada ya saa 2 tangu asubuhi hadi jioni, ili aone sukari inashuka hadi wapi. Mara nyingi hutaka ile nambari ya chini kabisa ya siku iwe baina ya 4.5 na 8. Usipandishe dozi kwa sababu ya nambari moja mbaya. Glagini huchukua siku kadhaa kutulia mwilini, na kwa kawaida dozi haiongezwi kabla ya siku 5 hadi 7.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba hatari kubwa huja wakati mambo yanapoendelea vizuri. Kongosho likianza kuamka, paka ana insulini mbili, yake na ya chupa. Dozi iliyomfaa mwezi uliopita sasa ni sumu. Mwenye paka anaona mnyama amenenepa, manyoya yanang'aa, maji anakunywa kama zamani, naye anaendelea kumdunga kwa bidii ileile. Kumbe dalili hizo ndizo zinazosema punguza. Kama nambari kabla ya sindano iko chini ya 10 hivi, na hapo nyuma ilikuwa 18 au 20, weka bomba chini kwanza, umpigie daktari.

Sukari ikishuka chini ya 3.5, paka hudhoofika, huyumba kama mlevi, huomba chakula kwa fujo au hukodoa macho tu, kisha akatetemeka na kupata kifafa. Akiwa na fahamu, mpe chakula mara moja. Akiwa amelegea, mpake asali au maji mazito ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole. Akiwa katika kifafa usimtie kidole mdomoni, wala usimmiminie kitu, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Mkimbize kwa daktari hata kama ameamka njiani, maana insulini ingali inafanya kazi na anaweza kuzama tena.

Chakula nacho ni nusu ya tiba. Paka ameumbwa ale nyama, lakini wetu wengi hulelewa kwa ugali uliorowekwa kwa mchuzi, mkate na maziwa. Vyakula vikavu vya mifuko pia huwa na wanga mwingi. Chakula cha mkebe chenye protini nyingi na wanga kidogo humsaidia kufikia ahueni. Kama mfuko hauruhusu, zungumza na daktari juu ya kuku, samaki au omena waliopikwa bila chumvi na hasa bila kitunguu wala saumu, ambavyo ni sumu kwa paka. Samaki peke yake kila siku hatoshi; kuna virutubisho atakavyokosa. Mabadiliko haya yasifanywe siri. Ukiondoa ugali leo na dozi ikabaki ilivyokuwa, umemtega mwenyewe. Na paka mnene asinyimwe chakula ili apungue haraka, kwa sababu paka aliyefunga siku chache ini lake hujaa mafuta, na huko ni kutoka motoni na kuingia mengine.

Je, kama miezi inapita, dozi inapanda na sukari haisikii? Daktari atatazama meno yaliyooza na maambukizi ya mkojo, ambavyo huizuia insulini. Kuna pia uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo unaomwaga homoni ya ukuaji. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015 ulionyesha karibu paka mmoja kati ya wanne wenye kisukari kuwa na dalili za hali hiyo katika damu. Zimetoka pia dawa za kunywa. Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina yake kwa paka Desemba 2022. Hizo zimekusudiwa paka ambaye hajawahi kupewa insulini, na zinaweza kuleta asidi ya damu huku sukari ikionekana nzuri. Tembe zako wewe usimpe kamwe.

Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, nusu yuniti kwa nusu yuniti, kisha mara moja kwa siku, na mwishowe huachwa huku ukiendelea kupima. Nikumbushe hapa kwamba mambo haya ni ya paka. Mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini hata siku moja, na mwenye aina ya pili huipunguza pamoja na daktari wake, si kwa kuiga mnyama wa nyumbani.

Paka aliyeachishwa bado ana kongosho lililojeruhiwa. Robo yao au zaidi hurudiwa na ugonjwa. Kwa hiyo endelea na chakula kilekile, mpime uzito kila mwezi, umpime sukari mara moja au mbili kwa juma, na usikubali apewe steroidi bila daktari kuambiwa habari zake. Siku utakapoona bakuli la maji limekauka mapema kuliko kawaida, pima sukari jioni hiyohiyo.