Kusugua sarafu za kale ni kuzipunguzia thamani

USAFI ni jambo la kusifiwa katika kila maskani, lakini sarafu ya kale ikisuguliwa ili ing'ae, aghalabu mwenyewe hupata hasara isiyoweza kufidiwa.

Katika nyumba za Mathare, mashariki mwa jiji la Nairobi, huenda mkebe uliosahaulika chini ya kitanda ukawa na sarafu zilizoachwa na babu au nyanya. Karo ya shule au kodi ya nyumba inapodaiwa, mkebe huo hufunguliwa. Wazo la kwanza ni kuziuza sarafu hizo. La pili ni kuzing'arisha kwanza ili zimpendeze mnunuzi. Hapo ndipo majivu, mchanga, limau, siki, dawa ya meno au Brasso hutumiwa.

Sarafu za aina hiyo mara nyingi ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka wa 1919. Shilingi zilizotengenezwa kati ya 1921 na 1925 zilikuwa na robo ya madini ya fedha, ilhali senti 5 na senti 10 zilikuwa za shaba, zenye tundu katikati. Kenya ilianza kutoa sarafu zake yenyewe mwaka wa 1966, baada ya Benki Kuu kuundwa.

Sarafu hupigwa chapa kiwandani kwa nguvu nyingi. Shinikizo hilo huacha mistari myembamba isiyoonekana kwa macho matupu, nayo ndiyo huakisi mwanga na kuipa sarafu mng'ao wake wa asili. Majivu, mchanga na dawa ya meno huikwangua mistari hiyo na kuacha mikwaruzo mahali pake. Tindikali ya limau na siki nayo hula uso wa shaba. Mng'ao unaopatikana baadaye ni wa metali iliyochubuliwa, na mnunuzi mzoefu huutambua mara tu anapoigeuza sarafu mwangani.

Rangi ya kahawia au ya kijivu inayoonekana kama uchafu kwa kweli ni utando uliojengeka kwa miaka mingi metali ilipokutana na hewa. Utando huo huukinga uso wa sarafu, na pia ni ushahidi kwamba haijachezewa.

Isitoshe, baadhi ya sarafu za Bodi zina herufi ndogo mno, kama vile H au KN, zinazoonyesha kiwanda cha Birmingham kilichozitengeneza. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana bei kwa sababu ya herufi hizo. Zikifutika, tofauti hiyo hutoweka nazo.

Kampuni mbili mashuhuri za Marekani zinazokagua sarafu, PCGS iliyoanzishwa 1986 na NGC iliyoanzishwa 1987, hupima hali ya sarafu kwa kiwango cha 1 hadi 70. Sarafu iliyosafishwa vibaya hainyimwi uhalali wake, lakini hainufaiki na alama ya kawaida. Huandikiwa kwamba imesafishwa, na bei yake hushuka.

Hata hivyo, kuna uchafu unaoweza kuondolewa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyakumba makazi ya kando ya Mto Mathare, na mali nyingi zikalowa tope. Sarafu yenye tope ilowekwe katika maji safi, maji yabadilishwe mara kadhaa, kisha ikaushwe kwa kubonyezwa taratibu kwa kitambaa laini, bila kusuguliwa. Ishikwe ukingoni na kuhifadhiwa ndani ya bahasha ya karatasi kavu, kwa kuwa baadhi ya mifuko laini ya plastiki hutoa kemikali zinazoidhuru shaba. Kutu ya kijani iachiwe mtaalamu.

Ni vyema pia kutahadhari na uvumi wa mamilioni. Umri pekee hauleti thamani. Sarafu za senti 5 na 10 za 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo, zina historia ya kuvutia, lakini zilitengenezwa kwa wingi na bei yake si kubwa. Kwa upande mwingine, mnunuzi wa vyuma vikuukuu hujali uzani tu. Shilingi ya 1921 haina hata gramu mbili za fedha safi.

Kuna suala la sheria vilevile. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na kukipeleka ng'ambo kunahitaji kibali. Sarafu za Mombasa za 1888, zilizotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ni za enzi hiyo.

Kwa hivyo, aliye na mkebe wa aina hiyo atafute kwanza maoni ya wanunuzi zaidi ya mmoja, huku sarafu zikiwa vilevile alivyozikuta. Sarafu chafu inaweza kusafishwa kesho, lakini iliyosuguliwa leo haiwezi kurejeshewa uso wake.