KABURI LA UPANDE WETU: FAMILIA ZA WAMISHONARI WA KISAUNI NA RABAI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila asubuhi makondakta wa matatu hupiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" nasi hushuka mbio kuwahi shule bila kujiuliza ni kengele gani hiyo. Na katika somo la Historia, yule Krapf tunamkariri kwa mistari mitatu: Mjerumani, alifika Mombasa 1844, aliuona Mlima Kenya 1849. Mtihani ukiisha, naye kwisha habari yake.

Mimi nataka kueleza lile ambalo halimo katika mistari hiyo mitatu. Krapf hakuja peke yake, alikuja na mkewe. Na kazi yote ya misheni ya upande wetu huu wa bara, tangu Kisauni hadi Rabai, ilibebwa na familia: waume, wake na watoto, Wazungu kwa Waafrika. Waliolipa gharama kubwa zaidi ndio ambao vitabu vyetu haviwataji.

Kwanza tufahamiane. Mmishonari ni mtu anayetumwa na kanisa au chama cha dini kwenda kuhubiri mahali pengine. Chama kilichomtuma Krapf ni Church Missionary Society, au CMS, kilichoanzishwa London mwaka 1799. Mtu atauliza, mbona chama cha Waingereza kikatuma Wajerumani? Jibu ni rahisi: Waingereza waliokuwa tayari kwenda mbali walikuwa haba, kwa hivyo CMS ikachukua vijana waliosomeshwa chuo cha Basel, kule Uswisi. Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, alikuwa mmoja wao.

Kabla ya kuja kwetu, Krapf alifanya kazi Ethiopia tangu 1837, akitarajia kuwafikia Waoromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich, binti wa Basel, aliyesafiri kutoka kwao hadi Misri ili waoane. Hebu fikiria: msichana anaacha kwao, anavuka bahari kumfuata mtu anayeishi maisha ya kuhamahama, na anajua kabisa kwamba huko aendako hakuna daktari. Walipojaribu kurudi Ethiopia walizuiliwa. Wakiwa njiani katika nchi ya ukame, Rosine akajifungua mtoto wa kike, naye hakuishi. Walimwita Eneba, jina ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi. Huyo ndiye mtoto wao wa kwanza, na hata Mombasa walikuwa bado hawajaiona.

Basi wakaamua kuzunguka kwa bahari. Januari 1844 walifika Unguja, na Sayyid Said akampa Krapf barua ya kumjulisha kwa maliwali wake wa pwani wampokee vyema. Jambo hili huwa linanifikirisha. Sultani Mwislamu anamwandikia barua ya heshima mhubiri wa Kikristo! Mwezi wa Mei Krapf na Rosine wakahamia Mombasa, mji ambao wenyeji wake wengi walikuwa Waislamu, wakapewa mahali pa kukaa. Hata mwalimu wake wa lugha alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Juni 1844 wawili hao walikwishaanza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Wale wenzetu wanaosema eti watu wa dini mbili hawawezi kukaa meza moja, hiyo ndiyo meza yenyewe, na ilikuwa hapa hapa Mombasa.

Kisha ikaja homa. Siku hizi tunajua malaria huletwa na mbu, lakini wakati ule ilidhaniwa ni hewa mbaya itokayo kwenye mabwawa. Ronald Ross alithibitisha habari ya mbu huko India mwaka 1897, yaani zaidi ya miaka 50 baadaye. Leo mama mjamzito akienda kliniki hupewa chandarua na dawa za kumkinga, kwa sababu malaria humshambulia mjamzito vibaya kuliko watu wengine. Rosine hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Mwanzoni mwa Julai 1844 Krapf akaanguka kitandani, na Rosine naye, mimba yake ikiwa imetimia. Akajifungua msichana wa pili katikati ya homa. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Mumewe alikuwa hoi kiasi kwamba kuinuka tu kumtazama ilikuwa kazi. Haikupita muda mtoto naye akamfuata mama yake.

Sasa sikilizeni jambo hili. Rosine alikuwa ameomba asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe upande wa bara, karibu na njia ya kuelekea kwa Wamijikenda (vitabu vya zamani viliwaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawalipendi), ili kila apitaye alione kaburi na akumbuke lililowaleta. Ndipo jeneza likavushwa maji hadi upande wetu, na mpaka leo kaburi lipo huku Mkomani, Nyali, pamoja na mnara wa ukumbusho wa Krapf unaotazamana na kisiwa. Ukiwa Mji wa Kale waweza kutazama ng'ambo ukaelekeza kidole.

Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza kurudi kwao. Krapf aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, kwa hivyo wahesabu kazi imeanza. Maneno hayo mazito yamesifiwa sana na wahubiri. Kusema kweli, mimi nikiyafikiria naona mambo mawili. Naona imani isiyotikisika. Pia namwona mtu aliyefiwa, ambaye hana budi kuupa msiba wake maana fulani, la sivyo angevunjika. Sidhani hayo mawili yanapingana.

Miaka miwili alikaa mjane kisiwani, akijifunza lugha na kutembelea vijiji vya bara. Juni 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake aliyezaliwa Gerlingen mwaka 1820. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wakahamia Rabai Mpya. Usidhani walikwenda kwa fahari. Wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, basi wakawa wanapokezana kumpanda kilimani: huyu apande, huyu atembee akiyumba. Wazee wa Kaya walikuwa wamekwisha wapa ruhusa ya kujenga. Hapo ndipo misheni ya kwanza ya CMS katika nchi hii iliposimama, kama kilomita 20 tu kutoka mjini.

Safari zao za milimani mnazijua. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Wataalamu wa Ulaya walicheka, eti theluji itakaaje karibu na ikweta! Hayo tuwaachie walimu wa Jiografia. Kilichonivuta mimi ni maisha ya kila siku, na hapo Krapf hatusaidii sana, maana afya ilimshinda akarudi Ujerumani miaka ya 1850. Aliyebaki ni Rebmann.

Rebmann alikwenda Misri mwaka 1851 akamwoa Emma, mjane Mwingereza, akamleta Rabai. Waliishi pamoja mahali panapoitwa Kisuludini kwa takriban miaka 15. Mtoto wao wa kiume aliishi siku chache tu. Emma alikaa kwenye kilima kile, mbali na jamaa zake wote, hadi alipofariki mwaka 1866. Watu wanaokumbuka jina lake ni wangapi? Kilimanjaro kimempa mumewe sifa ya kudumu, naye hakupewa hata mstari mmoja wa mtihani.

Na waumini je? Hapa ndipo penye fundisho la subira, au la ukaidi, chagua mwenyewe. Kwa miaka mingi walibatizwa watu wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, aliyebatizwa akiwa karibu kukata roho. Baadaye akaja Abe Gunja, na mwanawe Nyondo aliyepewa jina la Isaac. Watu wa Rabai hawakuwachukia wamishonari. Waliwapokea, walisikiliza, kisha wakaendelea na Kaya yao na mila zao. Nani atawalaumu? Walikuwa na Mulungu wao wanayemwomba tangu zamani, na mgeni alikuwa bado anatafuta maneno.

Nayo hiyo kazi ya kutafuta maneno ndiyo iliyozaa matunda yanayotuhusu sisi wapenzi wa lugha. Rebmann aliketi na Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka nchi inayoitwa leo Malawi, akaandika maneno ya kwao hadi ikapatikana kamusi, iliyochapishwa mwaka 1877. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikatoka mwaka 1882. Katika vitabu hivyo jina la juu ni la Mzungu, lakini maneno yalitoka vinywani mwa kadhi, mtumwa, wakulima wa Rabai na wanawake wa Mombasa waliokuwa wakizungumza tu mambo yao ya kila siku.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani. Macho yakapofuka. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta mzee asiyeona, na kanisa la watu wachache sana. Mwaka 1875 hatimaye akakubali kuondoka, na aliyemshika mkono hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, yule mtoto wa Abe Gunja. Mwaka uliofuata Rebmann akafa. Krapf naye alifariki Novemba 1881, mwaka mmoja kabla ya kamusi yake kutoka.

Sasa turudi Kisauni, tufike kwenye ile kengele. Mwaka 1873, kwa shinikizo la huyo huyo Frere, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Manowari za Uingereza zikawa zinakamata majahazi, na waliookolewa wakahitaji pa kukaa. Mwishoni mwa 1874 CMS ikamleta William Salter Price pamoja na mkewe. Kabla ya hapo walikuwa wameishi miaka mingi Nasik, India, wakilea watoto wa Kiafrika waliokombolewa baharini. Price akanunua ardhi Kisauni, kijiji kikajengwa, kikaitwa Frere Town. Wazee husimulia kwamba kengele ilipigwa kuwaonya watu pindi wawinda-watumwa walipokaribia. Hiyo ndiyo Kengeleni yenu.

Lakini tusipambe mambo kupita kiasi. Frere Town ilikuwa na viboko pia. Msimamizi mmoja alitandika watu hadi habari ikafika kwa balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja, na Price ikabidi arudi mwaka 1881 kutengeneza mambo. Mtu aliyekombolewa kutoka mjeledi mmoja asingepaswa kukutana na mwingine chini ya msalaba.

Walioishikilia kazi hasa ni wale waliolelewa Nasik, walioitwa Waafrika wa Bombay. Walitekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakafundishwa useremala, uhunzi na kusoma. Baadhi yao walirudi pwani hii mwaka 1864 kumsaidia Rebmann: William Jones, Ishmael Semler, na George David. Hawakuwa na kijiji cha kurudi, maana walichukuliwa wadogo mno. Wengine waliitwa "wazungu weusi" kwa suruali zao, huku Wazungu wenyewe wakiwalipa kidogo. Mwaka 1885 Jones na Semler wakafanywa mashemasi na Askofu James Hannington. Miezi michache baadaye Jones akafuatana na askofu huyo safari ya Buganda. Hannington akauawa huko Busoga, na Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliosalia hadi Rabai.

Jones na mkewe Jemima waliishi Rabai wakati mgumu kuliko wote. Watumwa walikuwa wakitoroka mashambani na kukimbilia huko, na mabwana wao wakaja juu wakidai mali yao. Mtoro akirudishwa, mnajua yatakayompata. Akifichwa, misheni nzima yaweza kuchomwa moto. Jones alikuwa na mke, nyumba na kanisa, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Watoro waliendelea kuja, wakajenga, wakalima. Mwaka 1888 jambo likafikia ukingoni, ndipo Price na George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa wakakubaliana na mabwana wale walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru, karatasi kwa kila mtu na jina lake.

Wengi wao walibaki hapo hapo Rabai, na wenzao wa Frere Town wakabaki Kisauni, wakaoana na majirani. Ndiyo sababu hata leo, ukisikia rejista ikisomwa katika shule za huku kwetu, utakutana na majina ya ukoo ya Kiingereza kwa watoto wanaozungumza Kiswahili cha pwani tangu babu wa babu zao.