Madirisha ya Msikiti Huandaliwa Kiangazi

Kwihara, karibu na mji wetu wa Tabora, lipo tembe alimokaa David Livingstone tangu Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Msafara wa kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ulitembea takriban miezi mitatu, na mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya kwenda Ujiji. Watu wa zama zile walifahamu vyema kwamba anayeishi mbali na bandari huagiza mapema.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini umbali haukufutika. Novemba 2020 saruji iliadimika nchini na bei ikapanda, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie chanzo. Misikiti iliyokuwa katikati ya ujenzi ilibaki ikingoja. Vioo na aluminiamu navyo hutufikia kutoka upande wa pwani. Tangu 2023 kipo kiwanda kikubwa cha vioo Mkuranga, na hiyo ni neema. Hata hivyo, kati ya Mkuranga na Tabora kuna safari ndefu.

Ndugu Waislamu, jambo hili si la mapambo. Mvua zetu huanza mnamo Novemba, mara nyingi zikitanguliwa na upepo mkali. Kioo cha kawaida kikipigwa na tawi huvunjika vipande virefu vyenye makali, na chini ya dirisha hilo huketi watoto wa madrasa. Tena upepo ukishaingia kupitia dirisha lililovunjika, hulisukuma paa kutoka ndani wakati upepo wa nje unalivuta juu. Ndivyo mabati yanavyong'oka. Mwenye kulinda dirisha amelinda na paa.

Viko vioo vya usalama vya aina mbili. Kimoja ni cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki. Kikivunjika, vipande hubaki vimenasa kwenye utando, na upepo huzuiliwa. Cha pili huimarishwa kwa moto; kikivunjika huwa chembe ndogo zisizo na makali marefu, lakini uwazi hubaki. Hiki cha pili hakikatwi tena baada ya kuchomwa. Kwa hiyo kila dirisha lipimwe peke yake, maana kosa la sentimita moja ni kioo kingine na safari nyingine. Na kioo imara ndani ya fremu iliyolegea hakina faida. Fremu ishikwe barabara na ukuta.

Ikiwa fedha ni chache, tuanze na madrasa na upande unaopigwa zaidi na mvua. Palipobaki, milango ya dirisha ya mbao za mninga ni kinga njema, mradi mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi hupinda na kuacha nyufa.

Ratiba yetu na iwe hivi. Mei, mvua zikishakatika, fundi apime na kamati iandike idadi. Juni tupate bei kwa maandishi kutoka kwa wauzaji watatu. Julai tuagize kwa malipo ya awamu, tukiacha sehemu ya malipo hadi mzigo ukaguliwe. Agosti na Septemba ni muda wa kufunga, na Oktoba ibaki akiba ya ucheleweshaji. Vioo vikifika kabla ya fundi, visimamishwe wima mahali pakavu, visilazwe sakafuni.

Nabii Yusuf (a.s.) aliweka akiba ya nafaka katika miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame, wala maandalizi yake hayakupunguza kumtegemea kwake Mwenyezi Mungu. Nasi fedha tulizonazo ni sadaka za waumini, zikiwemo shilingi za wajane na wanafunzi. Kamati inayosubiri wingu la kwanza hununua kwa bei ya dharura, na tofauti ya bei hiyo hulipwa kutoka katika amana ya watu.

Basi na tuombe orodha ya vipimo isomwe mbele ya jamaa mara tu mvua zitakapokatika. Familia nazo zifanye hivyo hivyo majumbani mwao, hasa katika vyumba wanamolala watoto.