Mnara wa Kunasa Mvuke wa Tindikali na Gharama Zake

Katika viwanda vinavyopaka zinki mabomba, nguzo na vyuma vya ujenzi, vikiwemo vya Afrika Mashariki, chuma huchovywa kwanza katika tindikali ya haidrokloriki ili kuondoa kutu, na mvuke unaopanda kutoka kwenye matangi hayo hula mapaa, mitambo na mapafu ya wafanyakazi usipovutwa na feni na kusafishwa. Kifaa kinachotumika sana kwa kazi hiyo ni mnara wenye vijazio, yaani silinda ya plastiki au faibaglasi iliyojaa vipande vidogo vyenye matundu, ambamo maji hutiririka kutoka juu huku gesi ikipanda kutoka chini, na viwili hivyo kukutana juu ya uso wa vijazio unaoweza kufikia mita za mraba 200 katika kila mita ya ujazo.

Kipenyo cha mnara huamuliwa na wingi wa gesi. Mita za ujazo 10,000 kwa saa, zikipita kwa mwendo wa takriban mita 1.5 kwa sekunde, huhitaji kipenyo cha karibu mita 1.5; mnunuzi akikipunguza hadi mita 1.2 ili kuokoa fedha, ukinzani ambao feni hulazimika kuushinda ndani ya vijazio huongezeka zaidi ya mara mbili, na mwendo ukizidi mno gesi huyazuia maji kushuka, mnara ukafurika na kuacha kufanya kazi. Akiba ya siku ya ununuzi hulipwa kupitia bili ya umeme kwa miaka yote ya mtambo.

Kimo, kwa upande wake, hutegemea kiwango cha usafi kinachotakiwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea hesabu. Kwa kuwa mvuke huu hunaswa kwa urahisi sana, kila kipande cha kimo hupunguza kiasi kilichobaki kwa uwiano uleule: vijazio vinavyoondoa asilimia 90 vinahitaji kurefushwa maradufu ili kufikia asilimia 99, na mara tatu ili kufikia 99.9.

Hata hivyo, gharama iliyo nzito zaidi hutoka chini ya mnara, pamoja na kimiminika. Uingereza ililijua hilo mapema, kwani viwanda vya magadi vilivyofuata mbinu ya Leblanc vilimwaga mvuke huohuo hewani hadi William Gossage alipojaza matawi ya vichaka katika kinu cha upepo kilichoachwa na kukinyweshea maji, akapata hataza mwaka 1836. Wenye viwanda wengi hawakuwa na haraka ya kumfuata, mpaka sheria ya mwaka 1863 ilipowalazimisha kunasa asilimia 95, ikisimamiwa na mkaguzi wa kwanza, Robert Angus Smith. Tindikali iliyonaswa mara nyingi iliishia katika mito na mifereji, lakini mbinu za Weldon na Deacon zilipoigeuza kuwa klorini ya kutengenezea unga wa kung'arishia pamba na karatasi, taka hiyo ikawa bidhaa iliyovisaidia viwanda vya Leblanc kustahimili ushindani wa magadi ya mbinu ya Solvay yaliyokuwa ya bei nafuu.

Mwenye kiwanda cha leo anakabiliwa na uamuzi wa aina hiyohiyo. Akizungusha maji peke yake, hupata tindikali hafifu inayoweza kurudishwa katika matangi ya kuchovyea, mradi ukolezi wake usiachwe ukapanda hadi mvuke uanze kutoka tena, ndiyo maana baadhi ya wasanifu huweka juu ya sehemu ya maji kipande kifupi cha kostiki soda ili kumalizia mabaki. Akitumia kostiki tangu chini hadi juu, unasaji huwa wa uhakika zaidi, lakini kila tani ya mvuke hula tani 1.1 ya kostiki na kuacha takriban tani 1.6 za chumvi iliyoyeyuka katika maji machafu, chumvi isiyo na mnunuzi.